Unataka kuwa mkalimani wa lugha ya alama? Soma hii hatua kwa hatua kabla hujachukua kazi ya kwanza

Kabla ya hatua zenyewe naomba uelewe jambo moja maana karibu kila kitu kwenye huu mwongozo kinatoka hapo. Kazi hii haina mtu wa kukukagua palepale. Daktari anaongea, wewe unatoa ishara, daktari hajui mikono yako imesema nini. Kiziwi anakutazama wewe, hajui daktari katamka nini. Ukiruka sentensi nzima wote wawili wataagana vizuri tu wakiamini wameelewana, na madhara yatakuja kuonekana baadaye wewe ukiwa umeshaondoka zamani.

Ndio maana kuna viwango, ndio maana kuna mafunzo. Na usidhani naongea mambo ya kufikirika. Tarehe 10 Desemba 2013, kwenye ibada ya kumuaga Nelson Mandela pale Johannesburg, mtu alisimama jukwaani kama mkalimani, pembeni kabisa ya marais, dunia nzima inaangalia, anarusha mikono hotuba baada ya hotuba. Viziwi waliokuwa wanafuatilia walijua mapema kwamba ile sio lugha, hakuna sentensi pale, hakuna maana yoyote. Wanaosikia hawakujua kitu mpaka viziwi wenyewe walipopiga kelele. Sasa kama hilo linapita kwenye hafla ya ukubwa ule, fikiria kwenye chumba cha daktari ambako mko watatu tu na mlango umefungwa.

Hatua ya 1: Ijue lugha yenyewe, na uijue kutoka kwa viziwi

Najua kuna watu wameshakariri alfabeti ya vidole na ishara mia mbili wanaona wako tayari. Bado sana. Lugha ya alama ni lugha kamili, ina sarufi yake, na sio lugha ya mdomoni iliyohamishiwa mikononi. Mwanaisimu William Stokoe alilionyesha hilo kitaalamu mwaka 1960 kwa lugha ya alama ya Marekani, na tangu hapo wanaisimu wamelithibitisha kwa lugha za alama nyingi duniani. Tena hazifanani. Marekani na Uingereza wote wanaongea Kiingereza lakini lugha zao za alama haziingiliani kabisa, ya Marekani inasogea zaidi upande wa Ufaransa kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi Mfaransa, alishirikiana na Mmarekani Thomas Gallaudet kuanzisha shule ya viziwi Hartford, Marekani, mwaka 1817 na lugha yake akaja nayo. Hata alfabeti ya vidole, Wamarekani wanatumia mkono mmoja, Waingereza miwili. Kwa hiyo kitu cha kwanza hakikisha unajifunza lugha ya viziwi utakaowahudumia, sio ile uliyoiona kwenye video ya intaneti ukaipenda.

Mfano mdogo uone sarufi inavyofanya kazi. Unataka kusema mama alimpa mtoto dawa. Kwenye lugha nyingi za alama unamweka mama upande mmoja wa nafasi iliyo mbele yako, mtoto unamweka upande wa pili, halafu kitenzi cha kupa kinatokea upande wa mama kinaelekea kwa mtoto. Geuza mwelekeo wa mkono tu, ishara ile ile, vidole vile vile, na sasa ni mtoto ndio kampa mama dawa. Hujakosea ishara hata moja lakini umesema uongo. Uso nao uko hivyo hivyo, nyusi, macho, mdomo, kichwa kinavyotikisika, hayo yote ni sarufi, mara nyingi ndio yanayotofautisha swali na taarifa, kukubali na kukataa. Mkalimani mwenye mikono mizuri na uso uliokauka ni kama mtu anayesoma gazeti zima bila kupandisha wala kushusha sauti.

Sasa utajifunzia wapi? Kwa mwalimu kiziwi. Hapa sina mjadala. Mwalimu anayesikia anaweza kukusaidia sana kwenye mbinu za ukalimani lakini lugha ichukue kwa wenyewe, na sio darasani peke yake, kaa nao, nenda kwenye shughuli zao, mikutano yao, michezo yao, cheka nao, kosea mbele yao wakurekebishe. Kuna viziwi wazee wanatoa ishara za zamani, kuna vijana wanabadilisha ishara kila leo, kuna waliochelewa kwenda shule na kuna ambao hawakwenda kabisa, na hao wote siku moja watakuwa wateja wako. Hii hatua inachukua miaka, sio miezi, na mtu akikuahidi kozi ya wiki tatu utoke mkalimani huyo anauza karatasi.

Na kama umezaliwa na wazazi viziwi, lugha unayo tangu utotoni na hiyo ni zawadi kubwa, ila kumtafsiria mama sokoni ukiwa mtoto sio mafunzo. Hata wewe usiruke hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Pima lugha zako mbili pande zote

Wengi wanafanya mazoezi ya kusikia halafu kutoa ishara, upande wa pili wanausahau. Siku ya kazi kiziwi anaanza kujieleza yeye, mhandisi yuko kwenye usaili, anaelezea projekti aliyoisimamia, na mkalimani ndio sauti yake. Mkalimani akiungaunga maneno, "eeh, anasema, yani, kuna ile kitu", waliokaa upande wa pili hawatasema mkalimani hawezi, watasema huyu kiziwi hajui kazi. Kiziwi atakosa ajira kwa udhaifu wa mdomo wako na wala hatajua kwa nini.

Kwa hiyo soma sana, kwa sauti. Soma habari za sheria, afya, fedha, dini, siasa. Jizoeze kuongea kwa nafsi ya kwanza pia: kiziwi akisema "nilifukuzwa kazi" wewe sema "nilifukuzwa kazi", sio "anasema alifukuzwa kazi". Mwanzoni inakuwa ngumu kidogo, baadaye inakuwa kawaida, na inamrudishia mwenye maneno nafasi yake kwenye mazungumzo.

Hatua ya 3: Chagua kozi ya ukalimani kwa macho makavu

Kujua lugha mbili na kukalimani ni vitu viwili tofauti. Kozi ya maana utaitambua hivi: inakupima lugha kabla ya kukupokea (ukipokelewa bila kujua hata ishara moja basi hiyo ni kozi ya lugha, ambayo ni sawa kabisa, ila isijiite ya ukalimani), ina walimu viziwi wenye mamlaka ya kweli na sio wa kuonyeshwa tu kwenye picha, ina somo la maadili lenye visa vya kujadili, ina mazoezi kwa vitendo chini ya mkalimani mzoefu, na mtihani wake unatazamwa na viziwi. Uliza hayo kabla hujalipa. Wakianza kuzunguka zunguka, ondoka.

Ndani ya kozi utafundishwa ukalimani fuatizi, yaani mtu anaongea anamaliza halafu wewe unatoa, na ukalimani sambamba, yaani unatoa huku yeye anaendelea. Wanafunzi wanapenda kukimbilia sambamba kwa sababu ndio unaoonekana kwenye TV. Usiharakishe. Ule fuatizi ndio unakufundisha kubeba maana badala ya kukimbizana na maneno, na hata ukishakuwa mzoefu kuna sehemu utauhitaji tena, hasa ushahidi mahakamani na maelezo ya daktari, kwa sababu unaacha makosa machache zaidi. Kwenye sambamba nako jifunze kubaki nyuma ya msemaji kidogo, usubiri wazo likamilike. Ukimganda neno kwa neno utatoa ishara zenye mpangilio wa lugha ya mdomoni na kiziwi atapata rundo la maneno asilojua alifanyie nini.

Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote, halihitaji chuo wala hela. Chukua rekodi ya mtu anayeongea dakika mbili, kitu cha kawaida, mtu anaelezea jinsi ya kuomba mkopo. Kalimani huku simu inakurekodi. Mpelekee kiziwi unayemwamini ile video bila kumwambia chochote, mwombe akueleze yeye alichoelewa, na wewe uyaandike. Halafu rudi kwenye rekodi ya mwanzo ulinganishe. Utakuta riba imepotea, au "kama utachelewesha malipo" imegeuka "utachelewesha malipo", au tarehe imekaa kwenye mwezi mwingine. Hapo ndio unaona kwa macho kile ambacho kwenye kazi halisi hakuna atakayekuonyesha. Rudia kila wiki na video zako usizifute, baada ya miezi kadhaa angalia ya kwanza na ya mwisho.

Hatua ya 4: Kanuni za maadili zikae kichwani, sio kwenye faili

Wakalimani wa Marekani walianzisha chama chao, RID, mwaka 1964 kwenye mji wa Muncie, jimbo la Indiana, na kanuni zao za maadili walizozitoa mwaka 2005 kwa kushirikiana na chama cha viziwi cha nchi hiyo zina misingi saba. Nchi nyingine wana za kwao, maneno yanatofautiana lakini kiini kinarudi palepale: tunza siri, fikisha ujumbe wote, usichukue upande, usichukue kazi usiyoimudu, heshimu wateja na wenzako, fanya biashara kwa uwazi, endelea kusoma.

Siri. Sio jina tu. Ukisema "juzi nilikuwa hospitali na dada mmoja kiziwi mjamzito" kwenye jamii ya viziwi ambako watu wanajuana, umeshamtaja. Hata kusema ulikuwa hospitali fulani siku fulani inatosha. Mume wako, mke wako, rafiki yako mkalimani mwenzako, wote hawahusiki, na ukikutana na mteja barabarani msalimie kama unavyosalimia watu wengine, habari za kule ziache kule.

Ujumbe wote maana yake wote. Msemaji akitukana, tukana. Akifoka, foka. Simu ya mtu ikiita mkutano mzima ukageuka kuangalia, mwambie kiziwi simu imeita, maana na yeye ana haki ya kujua kwa nini watu wamegeuka. Usipunguze ukali kwa kumwonea huruma na usiongeze ushauri kwa sababu unajua kitu. Daktari akitoka chumbani kidogo kiziwi akakugeukia akakuuliza "wewe unaonaje, nikubali upasuaji?" jibu lako ni hilo swali tumuulize daktari akirudi, na akirudi umkumbushe kiziwi aulize mwenyewe.

Ila jamani, kutoegemea upande sio kuwa gogo. Kuna jambo la kutikisa kichwa juu na chini ambalo linawaangusha watu wengi. Kiziwi anaweza kutikisa kichwa maana yake nakuona, endelea. Mwenye ofisi anaona anakubali, anasukuma fomu aweke saini. Mkalimani aliyefundishwa vizuri anasema wazi, kwa lugha zote mbili ili wote wajue kinachoendelea, kwamba kama mkalimani naona inafaa jibu lithibitishwe. Hujachukua upande hapo, umelinda mawasiliano, na mawasiliano ndio kazi yako.

Na kukataa kazi. Hii naiweka juu ya zote. Ukiitwa kesi ya mauaji na wewe umemaliza kozi mwezi uliopita, kataa. Ukifika ukakuta kiziwi anatumia ishara za eneo usilolijua na mnapishana, sema, simamisha, omba mkalimani mwingine. Watakulaumu, watakwambia "jaribu tu hivyo hivyo, afadhali wewe kuliko hakuna". Kumbuka nilichosema mwanzo, wao hawawezi kuona unachokosea, wewe tu ndio unajua. Shauri wapange siku nyingine, toa jina la mwenzako anayeweza. Ndugu yako akiwa ndio mteja, kataa pia, hasa kwenye mirathi, talaka na hospitali.

Hatua ya 5: Lelewa na mtu, halafu tafuta cheti

Tafuta mkalimani mzoefu akuchukue. Mwanzoni unakaa unaangalia (kiziwi akiwa ameridhia, bila ridhaa yake hukai), baadaye unapewa dakika chache za kitu chepesi, semina au mkutano wa kawaida, yeye yuko pembeni. Mkitoka mnakaa chini anakwambia. Mrejesho utauma. Vumilia, usijitetee, uliza tu "hapo ungefanyaje wewe?"

Mfumo wa vyeti unategemea nchi. Kuna zenye bodi ya usajili, mitihani na leseni, na kuna ambazo chama cha wakalimani na chama cha viziwi ndio wanakupima na kukutambua. Marekani kwa mfano, mkalimani mwenye cheti cha RID anatakiwa kukusanya saa 80 za masomo endelevu kila miaka minne la sivyo cheti kinakufa. Kama kwenu mfumo bado haujakaa sawa, usiseme basi hakuna viwango. Jiunge na chama, na angalia kama kina uhusiano na WASLI, shirikisho la dunia la wakalimani wa lugha ya alama lililoundwa Montreal mwaka 2003 na kufanya mkutano wake wa kwanza Worcester, Afrika Kusini, mwaka 2005. Una pa kushika kisheria pia: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 9, unataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma. Taaluma. Nchi yenu ikiwa imeridhia, hilo neno litumie ofisi ikikwambia "tulete tu mtu yeyote anayejua jua".

Hatua ya 6: Maandalizi ya kazi

Ukipigiwa simu usikimbilie bei. Uliza kwanza: ni kazi gani, ya muda gani, watu wangapi, kiziwi ni nani na anatumia lugha gani ya alama, ana uoni hafifu au la, kuna slaidi au hotuba iliyoandikwa, mkalimani mwenza ni nani, itarekodiwa au kurushwa laivu. Hotuba idai mapema. Majina ya watu, ya dawa, ya taasisi, yote yasome nyumbani maana jina geni ukikutana nalo kwenye kasi litakuangusha na sentensi mbili zinazofuata zitakwenda na maji.

Nguo: rangi moja, isiyofanana na rangi ya ngozi yako ili mikono ionekane, bila mistari, bila maua, pete na bangili acha nyumbani, kucha fupi. Fika mapema, ongea na kiziwi kidogo kabla mambo hayajaanza ili mzoeane ishara zenu. Usikae mgongo ukiwa dirishani, mwanga ukitoka nyuma yako uso wako unakuwa kivuli. Mahali pa kusimama muulize yeye, kawaida ni karibu na msemaji ili awaone wote wawili kwa pamoja.

Hatua ya 7: Msifanye peke yenu kazi ndefu

Kazi ikizidi saa moja hivi, dai muwe wawili, mnabadilishana kila dakika 15 mpaka 20. Wenye ofisi hawapendi, wanaona wanalipa mtu aliyekaa. Waeleze: akili inachoka kabla ya mikono, na kibaya zaidi mkalimani aliyechoka hajioni anakosea, anahisi yuko vizuri tu huku ujumbe unavuja. Yule aliyekaa hapumziki, anamsikiliza mwenzake, anamdokeza namba, jina, neno lililopita. Na mwili pia unaharibika, viwiko, mabega, vifundo vya mikono, kuna wakalimani wazuri kabisa wameacha kazi kwa maumivu. Pasha mikono joto kabla, nyoosha baada, na ganzi ikianza usiipuuze.

Hatua ya 8: Hospitali na mahakama ziache mpaka uive

Huku kuna viwango vyake vya kimataifa, ISO 20228 ya mwaka 2019 kwa ukalimani wa kisheria na ISO 21998 ya mwaka 2020 kwa afya, na kuna mafunzo ya ziada juu ya yale ya kawaida. Angalia sentensi hii: "kidonge kimoja mara tatu kwa siku, saa moja kabla ya kula". Ina namba tatu, na kila moja ikihama mahali inaumiza mtu. Toa kila namba peke yake, kwa mpangilio, halafu mwambie daktari unaomba mgonjwa arudie kwa maneno yake. Usimuulize "umeelewa?", atasema ndio.

Mahakamani swali la mtego lazima lifike likiwa na mtego wake, usilinyooshe. Na kama kiziwi hakusoma shule, au ana ishara za nyumbani tu (zile alizotunga na familia yake), au ni mtoto, omba mkalimani kiziwi afanye kazi na wewe. Yeye ni mzawa wa lugha, atapata njia ambazo wewe unayesikia hutazipata hata ukisoma miaka ishirini, wewe unampa kutoka kwa hakimu, yeye anamfikishia mteja, na majibu yanarudi njia hiyo hiyo. Wapo wakalimani wanaoona aibu kuomba hivyo, kama vile wanakiri hawajui. Hapana, mahakama inatakiwa ijue hilo ndilo linalohitajika, na wa kuiambia ni wewe.

Hatua ya 9: Ukishatoka

Malipo mkubaliane kwa maandishi kabla ya siku, pamoja na nauli na nini kinatokea kazi ikiahirishwa. Kiziwi asidaiwe hela kwa huduma ambayo taasisi ndio ilitakiwa kulipia.

Kama ulikosea kitu na umekikumbuka njiani, piga simu usahihishe, leo hiyo hiyo. Halafu uwe na daftari, usiandike jina la mtu wala mahali, andika tu neno lililokushinda, sehemu uliyobaki nyuma, uamuzi uliokupa shaka. Wiki ikiisha lipeleke hilo daftari kwa mlezi wako na kwa mwalimu wako kiziwi, mpitie neno kwa neno, na yale yanayojirudia ndio masomo yako ya mwezi unaofuata.